Per diem: maana yake, na namna ya kuihesabu

Fomu ya safari imejazwa hivi: "Per diem kwa siku: siku 4 × 100,000 = 400,000." Mwombaji anaondoka Jumatatu asubuhi na kurudi Alhamisi jioni. Hapo kuna makosa mawili, la lugha na la hesabu.

Maneno haya ni ya Kilatini. *Per* ni "kwa". *Diem* ni "siku", umbo ambalo neno *dies* huchukua likitanguliwa na *per*. Diem hiyohiyo imo ndani ya p.m. ya kwenye saa: *post meridiem*, baada ya adhuhuri. Kwa hiyo aliyeandika "per diem kwa siku" amesema "kwa siku kwa siku". Ni maneno mawili, hayaunganishwi.

Kwa Kiswahili ni posho ya kujikimu, na kwa kweli linatosha kabisa. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku. Uganda hadi leo posho ni ugali wenyewe. Lakini usiliache "kujikimu": kuna posho ya kikao, ya nyumba, ya kazi za ziada, na ukiandika "posho" tu mhasibu hajui alipe ipi.

Sasa hesabu. Ofisi nyingi za umma hulipia usiku uliolala nje ya kituo cha kazi, si tarehe za kalenda. Jumatatu hadi Alhamisi ni usiku 3, yaani 300,000. Ile 100,000 iliyozidi ndiyo hoja ya mkaguzi, na huishia kukatwa kwenye mshahara. Mwenyeji akigharamia malazi na chakula, unalipwa sehemu tu ya kiwango. Ndiyo maana barua ya mwaliko huambatishwa.

Wengi huchanganya per diem na masurufu. Masurufu ni fedha unayotangulizwa kwa shughuli, mfano mafuta ya gari au ukumbi, nayo hurejeshwa kwa risiti, na chenji juu. Kwenye per diem hakuna atakayekudai risiti ya chipsi mayai. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba ulisafiri: kibali, tiketi, ripoti. Ukimaliza kazi mapema ukarudi Jumatano, usiku mmoja hukuulala huko. Fedha yake irudishe na uchukue stakabadhi.