Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na wati, prosesa itafuata

Wengi wanaonijia niwasaidie kupanga kompyuta ya gemu huanza kwa kuuliza prosesa: nichukue i5 au i7? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Unacheza gemu gani, na skrini yako ni ya namna gani? Anayetaka EA FC na GTA V kwenye skrini ya 1080p hana haja ya mashine ya mtu anayefukuzia gemu zilizotoka juzi. Majibu hayo mawili ndiyo yanayochagua kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu. Kadi nayo inaamua umeme, na umeme unaamua kasha. Prosesa inakuja mwishoni.

Kwa mwenye hela ndogo, njia ninayoiamini ni kuanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, zile zilizojaa maduka ya Kariakoo. Unapata kasha, madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), prosesa, ramu na pawa saplai kwa mkupuo mmoja, na ni mashine zilizotengenezwa zifanye kazi kutwa nzima miaka na miaka. Tangu mwishoni mwa 2025 ramu imepanda bei dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mashine inayokuja na ramu yake ndani imezidi kuwa na maana.

Lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu, na hapo ndipo watu wanapoumia. OptiPlex 7050 ya kasha kubwa la kusimama ina pawa saplai ya wati 240, na ile nyembamba ina wati 180. Kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Maana yake kadi itaishi kwa umeme inaoupata kwenye nafasi yake ya PCI Express (tundu refu la madabodi inapochomekwa), ambao kwa kanuni hauzidi wati 75. Usidhani utabadilisha pawa saplai kirahisi, kwa sababu madabodi za OptiPlex hizi zinatumia plagi za Dell wenyewe, si ile ya pini 24 iliyozoeleka. Kwa hiyo mtu anayekuambia uchomeke RX 580, kadi ya wati 185, kwenye mashine ya ofisi jinsi ilivyo, anakupoteza.

Ndani ya wati 75 zipo kadi nzuri. GTX 1050 Ti ya 2016 ina kumbukumbu yake ya GB 4 na bado inapumua. EA FC 24 iliitaja hiyo hiyo kama kiwango cha chini, pamoja na ramu ya GB 8. Mimi naipenda zaidi GTX 1650 ya 2019, nayo ya GB 4, lakini ikague kabla ya kulipa, kwa sababu matoleo mengine yana soketi ya pini 6 ubavuni na hayatakufaa. RX 6400 ya 2022 inavutia kwa kula wati 53 tu. Tatizo ni kwamba inatumia njia 4 tu za PCI Express, na kwenye madabodi zenye PCI Express ya kizazi cha 3, kama hizi za ofisi, inapoteza nguvu waziwazi. Pia haina sehemu ya kurekodi video ya gemu yako, hivyo anayetaka kurusha michezo yake mtandaoni aiache.

Kama kasha ni jembamba, unahitaji kadi ya kimo kifupi yenye bati fupi la kufungia. Hizo ni adimu, na muuzaji anajua ni adimu. Tafuta kasha kubwa mapema uepuke gharama hiyo.

Sasa kadi zilizochakachuliwa, kwa sababu hapa vijana wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna watu wanaochukua chipu ya zamani kama GTX 550 Ti, wanabadilisha programu iliyomo kwenye kadi ili Windows iisome kama GTX 1050 Ti, kisha wanaipaka sura mpya. Kwanza tazama matundu ya nyuma. Chipu ya 1050 Ti haitoi picha ya VGA, kwa hiyo ukiona plagi ya bluu yenye matundu 15, shtuka. Pili, nenda na GPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure. Matoleo yake tangu mwishoni mwa 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi wanayoitambua kuwa bandia. Soma pia idadi ya kore, yaani vitengo vya kuchakata ndani ya chipu: 1050 Ti halisi ina 768, wakati 550 Ti ina 192. Muuzaji akikataa kuchomeka kadi mbele yako, ondoka.

Prosesa haina maneno mengi. i5-6500, ya kizazi cha 6, ina kore 4 na itakupeleka kwenye gemu za zamani, lakini Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8. Ongeza kidogo upate mashine yenye i5-8500, ya kizazi cha 8 na kore 6. Mchezaji wa Valorant asilete ubishi hapa: kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa ndani ya mashine yenyewe.

Ramu, weka vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16, prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka.

Asiye na hela ya kadi kabisa na anayetaka kuanza na vifaa vipya, namshauri Ryzen 5 5600G. Ina grafiki yake ndani, na kwa kuwa grafiki hiyo inaazima ramu ya mashine, vile vipande viwili vinakuwa lazima. Soma herufi ya mwisho kwenye boksi. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki, na Intel zinazoishia na F hali kadhalika. Utawasha mashine na skrini itabaki nyeusi mpaka ununue kadi. Anayejenga hivi asibane hela kwenye pawa saplai. Zile nyepesi zisizo na jina huandikwa wati 500 kwenye karatasi, na zikifa zinaweza kuondoka na madabodi. Chukua yenye jina linalofahamika na cheti cha 80 Plus cha matumizi mazuri ya umeme, hata kama ni ya wati 450, na mtaani kwenu umeme ukiwa wa kupanda na kushuka, weka stabilaiza kati yake na soketi ya ukutani.