Kulia msibani si kukosa imani

"Mama, usilie, wewe umeokoka." Husemwa kwa nia njema, mfiwa akiwa amekaa mkekani, pindo la kanga limelowa machozi. Lakini Biblia haifundishi hivyo. Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Yesu alijua kabisa kwamba atamfufua, na bado, alipomwona Mariamu, dada yake Lazaro, analia, naye akalia: Yohana 11:35. Paulo pia, katika 1 Wathesalonike 4:13, hakuwakataza waumini kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hapo pana tofauti kubwa, na inaniuma sana inapopuuzwa, maana mfiwa huishia kuficha uchungu wake hata kwa Mungu. Keti naye mkekani, mshike mkono, mwache alie.