Mvuvi wa dagaa si mvivu

Ukifika Igombe, ufukwe wa wavuvi Ziwa Victoria karibu na Mwanza, saa nne asubuhi utakuta vijana wamelala kivulini, wengine wanacheza drafti. Basi watu wa mjini Mwanza wakahitimisha zamani: wavuvi wavivu. Si kweli. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mwanga huwakusanya, wavu ukavutwa. Mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu, mitumbwi ikapumzishwa ufukweni siku kadhaa. Ndiyo maana mvuvi huhesabu siku zake kwa giza na mwezi, si kwa Jumatatu na Jumapili. Muulize atakuja lini kukutembelea: “Mwezi ukikomaa.” Hakukwepi, amekupa tarehe. Na mama anayeanika dagaa mchangani? Yeye bosi wake ni jua, na mawingu.