Mkanda Wazi: Bingwa wa Mieleka Akiumia Kweli, Hadithi Inaenda Wapi?

Mkanda ukiitwa wazi, maana yake ubingwa upo ila bingwa hayupo. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemlaza mabega chini refa akahesabu hadi tatu. Mkanda hufika huko kwa njia nyingi: bingwa kustaafu, kuugua, kupata ujauzito, kukosana na kampuni. Lakini njia inayowachanganya watazamaji kuliko zote ni ya kuumia. Kwenye bibanda vya video vya Kampala, na siku hizi kwenye simu, swali huwa lile lile: kama mshindi hupangwa mapema, goti la mtu mmoja linawezaje kuvuruga mpango mzima?

Linaweza, kwa sababu kinachopangwa ni hadithi, mwili haupangiki. Katika kigwo, mieleka ya jadi ya Buganda, hakuna mwandishi: aliyeanguka ameanguka. Katika mieleka ya kulipwa, ile ya kampuni za WWE na AEW za Marekani, waandishi huamua nani ashinde, usiku gani, na kwa kisa gani. Kisha wapiganaji wawili hushirikiana ulingoni ili pigo lionekane la kuua, na aliyepigwa arudi nyumbani salama. Ila mtu wa kilo 100 akiruka kutoka juu ya kamba hatui kwenye hadithi. Anatua kwenye mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa povu jembamba na turubai. Akikosea kidogo tu, bega limechomoka.

Sasa fikiria kazi ya mkanda. Ndio unaowaambia watazamaji nani staringi, nani adui, na kwa nini wawili hawa wanachukiana kiasi cha kujaza uwanja. Hadithi za kampuni kubwa huandikwa miezi kadhaa mbele, na nyingi zinaelekea WrestleMania, onyesho kuu la WWE ambalo kwa kawaida huangukia kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Anayeshika mkanda ndiye njia ambayo visa vingine vyote hupitia. Yeye akilazwa hospitali, wapinzani wake watatu au wanne hubaki wanasema na ukuta. Ndiyo maana kwa miaka mingi matangazo ya mieleka yamekuwa na onyo kwamba mapambano yanaweza kubadilika: tiketi haikuahidi mtu, imeahidi onyesho.

Daktari akishasema hapana, kampuni ina uchaguzi mchache. Inaweza kungoja, kama jeraha ni la wiki chache. Inaweza kutangaza mkanda wazi na kuitisha mashindano. Inaweza kuweka bingwa wa muda, jambo ambalo Waganda waliofuatilia ndondi wanalijua vizuri: AEW ilifanya hivyo mwaka 2022, CM Punk alipovunjika mguu siku chache tu baada ya kutwaa ubingwa, na Jon Moxley akashika nafasi kwa muda. Mimi mtindo huo siupendi. Ndondi ina vyama vinavyolazimika kulinda haki ya bingwa aliyeumia. Mieleka haina haki ya kulinda, ina hadithi ya kusimulia, na bingwa wawili kwa wakati mmoja humfanya kila mmoja aonekane nusu.

Ipo pia ile sheria ya siku 30, kwamba bingwa asipotetea mkanda ndani ya muda huo ananyang'anywa. Msiitegemee. Brock Lesnar alishika mkanda wa Universal, mmoja wa mikanda mikuu ya WWE, kwa zaidi ya siku 500 kati ya 2017 na 2018, akipotea mara kwa mara kwa muda mrefu zaidi ya huo, na mkanda ukabaki kwake. Sheria hii hukumbukwa waandishi wanapoihitaji.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Daniel Bryan mwaka 2014. Mashabiki walimtaka mtu huyu mfupi awe bingwa kwa zaidi ya nusu mwaka, na kampuni katika hadithi yake ilikuwa inamkatalia. Aprili 6, kwenye WrestleMania ya 30 kule New Orleans, alimpiga Triple H mwanzoni mwa usiku, kisha usiku huo huo akawashinda Randy Orton na Batista. Mwezi uliofuata alifanyiwa upasuaji wa shingo. Waandishi hawakumficha. Walimgeuza Stephanie McMahon, bosi ndani ya hadithi, kuwa adui anayemdai mgonjwa mkanda wake: aurudishe au mkewe, Brie Bella, afukuzwe kazi. Brie akaacha kazi mwenyewe na kumzaba Stephanie kofi. Tarehe 9 Juni Bryan alinyang'anywa mkanda, na tarehe 29 John Cena akautwaa katika pambano la ngazi, lile ambalo mkanda huning'inizwa juu na mshindi ni anayepanda kuushusha.

Tazama kilichopatikana na kilichopotea. Kupatikana: wiki kadhaa za kisa kizuri kutokana na shingo ya mtu asiyeweza kupigana. Kupotea: mwisho wenyewe. Miezi mingi ya kilio cha mashabiki ililipwa kwa utawala wa wiki tisa tu, kisha mkanda ukarudi kwa Cena, mtu ambaye tayari alikuwa na mikanda ya kutosha kufungua duka. Bryan alistaafu Februari 2016 kwa amri ya afya, akaruhusiwa tena 2018, na Novemba mwaka huo akawa bingwa upya, safari hii kama adui.

Anayeokota mkanda wazi mara nyingi huokota deni. Seth Rollins alikatika kano za goti tarehe 4 Novemba 2015 huko Dublin, katika onyesho ambalo halikurushwa hata kwenye televisheni. Mashindano yakaitishwa, Roman Reigns akashinda fainali tarehe 22 mwezi huo, na kabla hajamaliza kusherehekea Sheamus akaja na mkataba wake wa Money in the Bank, ule unaomruhusu mwenye nao kumdai bingwa pambano wakati wowote, akamlaza. Sheamus alishikilia mkanda wiki tatu tu. Christian, mwaka 2011, aliupata mkanda baada ya rafiki yake Edge kustaafu ghafla kwa sababu ya shingo. Mashabiki walilia kwa furaha, na ndani ya wiki hiyo hiyo Randy Orton akamnyang'anya. Finn Bálor ndiye wa kuhurumiwa zaidi: alikuwa bingwa wa kwanza kabisa wa mkanda wa Universal, Agosti 21 mwaka 2016, na bega likaumia katika pambano hilo hilo la kuutwaa. Kesho yake akaurudisha.

Watazamaji wanajua kwamba mtu huyu hakumpiga bingwa. Waandishi nao wanajua kwamba watazamaji wanajua. Kwa hiyo bingwa wa namna hii huwekwa pale kungojea, wakati mpango mpya unaandikwa.

Lakini kuna kazi nyingine ya jeraha, nayo ndiyo inayotofautisha mwandishi hodari na wa kubahatisha. Hodari hufanya kama VJ wa kibanda, yule anayewasimulia watazamaji filamu kwa lugha yao, ambaye diski imekwama katikati ya filamu: badala ya kunyamaza, anasimulia kile kilichokwama mpaka wateja wasahau kuwa hakuna picha.

Steve Austin aliumizwa shingo Agosti 3, 1997, Owen Hart alipomshusha kichwa chini. Alilala pale akiwa hawezi kusogea vizuri, kisha akajikokota na kumaliza pambano kama lilivyopangwa, akapata mkanda wa Intercontinental, ulio chini ya ule mkuu, ambao baadaye ilibidi auachie. Mtu asiye na umaarufu kama wake angepumzishwa nyumbani. Austin waandishi walimleta kila wiki. Vince McMahon, mwenye kampuni, akaonyeshwa akimsihi asipigane kwa ajili ya afya yake, na tarehe 22 Septemba, Madison Square Garden mjini New York, Austin akamjibu kwa kumpiga Stunner, pigo lake maarufu. Uadui wa mfanyakazi na bosi uliobeba kampuni hiyo miaka iliyofuata ulipata cheche yake kwenye agizo la daktari. Kuhusu ule mkanda, Austin katika hadithi alimsaidia Owen kuushinda mwezi Oktoba, makusudi, ili awe na wa kumpokonya. Akaupokonya Novemba. Machi 1998 akatwaa ubingwa mkuu kutoka kwa Shawn Michaels, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibika miezi miwili kabla na ambaye hakupigana tena hadi 2002. Ubingwa ule mashuhuri, basi, ulipita kati ya wagonjwa wawili.

Kwa wanawake nako. Novemba 2018 ngumi ya Nia Jax ilimvunja uso Becky Lynch. Pambano lake na Ronda Rousey lilifutwa, nafasi ikaenda kwa Charlotte Flair, na picha ya Becky amesimama katikati ya mashabiki, damu usoni, akiwaangalia wapinzani kwa dharau, ikamfanya mkubwa kuliko ushindi wowote ambao angepata wiki ile. Aprili 2019 hao watatu wakawa wanawake wa kwanza kufunga WrestleMania.

Na Aprili 2024, siku mbili baada ya Rhea Ripley kutetea mkanda wake kwenye WrestleMania, Liv Morgan alimvamia nyuma ya jukwaa na Rhea akaumia mkono. Mkanda ukaachwa wazi tarehe 15, baada ya siku 380. Badala ya kulipita jambo hilo haraka, waandishi walimwacha Liv ajisifu kwamba ni yeye aliyemwondoa. Becky akashinda mkanda wazi, Liv akampokonya mwezi Mei, akaanza kumwinda hata mpenzi wa Rhea katika hadithi, Dominik Mysterio, na Rhea aliporudi Julai alimkuta adui amekalia kiti chake na amezungusha mkono kwenye bega la mtu wake. Kisa kile kizima kisingekuwapo bila mkono ule kuumia.

Kwa jinsi hiyo huwa nawaambia wanaonung'unika bingwa wao akiumia: msiangalie nani amepewa mkanda, angalieni aliyeumia amepewa maneno gani. CM Punk alichanika msuli wa mkono Januari 2024 na hakupigana kwa miezi sita. Drew McIntyre alikuwa akimdhihaki kila wiki. Aprili, McIntyre alipotwaa ubingwa kwenye WrestleMania, alikwenda kumcheka Punk aliyekuwa amekaa meza ya watangazaji. Punk akampiga kwa kile kile kifaa cha kushikilia mkono mgonjwa, na Damian Priest akaja na mkataba wake akachukua mkanda. Bingwa alivuliwa na mtu asiyeruhusiwa hata kuinua ngumi.

Kwetu Uganda mambo haya hayako mbali tena. Kwa miongo kadhaa jina la nchi hii katika mieleka lilibebwa na Kamala, aliyeitwa Jitu la Uganda, ambaye kwa kweli alikuwa James Harris wa Mississippi. Siku hizi kuna Soft Ground Wrestling ya Mukono, iliyoanzishwa na Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash, ambapo vijana hurushana kwenye ulingo wa nguzo za miti na matope, na video zao zimezunguka dunia. Matope hupunguza kishindo cha mgongo, hilo linaonekana kwa macho. Hayasaidii goti lililopinda wala shingo iliyotangulia kutua. Na kwa kundi dogo hesabu ni ngumu zaidi kuliko WWE: kampuni kubwa bingwa akiumia ina wengine ishirini wa kumweka mahali pake, kundi la vijijini likipoteza uso mmoja unaojulikana limepoteza sehemu kubwa ya watazamaji wake. Hapo kujua kusimulia jeraha si anasa.

Swali linalobaki kwa mtazamaji ni dogo lakini gumu: nitajuaje kama ameumia kweli? Kuna ishara ya refa, mikono miwili ikipandishwa juu na kukunjwa mfano wa msalaba uliolala, inayowaita madaktari. Waandishi wameshaigeuza nayo kuwa mchezo, kwa hiyo haitoshi. Julai 2025 Seth Rollins alitua vibaya katika pambano na LA Knight, akaondoka akichechemea, akaonekana baadaye kwa magongo. Watu wazima, wanahabari pamoja nao, waliamini. Agosti 2, dakika chache baada ya Punk kushinda ubingwa, Rollins alitokea na magongo yale, akayatupa, akakimbia ulingoni na mkataba wake na kumpokonya.

Waliorudi kuangalia wiki zile waliona kitu kimoja: muda wote wa kuugua kwake hakuna aliyemwambia aurudishe mkataba ule. Alikwenda nao hospitali katika hadithi na kurudi nao. Oktoba mwaka huo huo, kwenye onyesho la Perth nchini Australia, Rollins aliumia bega. Siku mbili baadaye wenzake wa kundi lake wakamgeukia na kumpiga mbele ya kamera, wiki iliyofuata mkanda ukatangazwa wazi, na Novemba 1 Punk akamshinda Jey Uso kuutwaa. Safari hii hakuna aliyengoja magongo yatupwe.