Kabla ya kisasi, tuonyeshe urafiki

Kazi yangu ni montaji, yaani kukata na kuunganisha picha za filamu. Vijana wa Kamalondo, Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wananiletea picha walizopiga wenyewe, mara nyingi kwa simu au kwa kamera ya kukodi, na wengi wanakuja na hadithi ya aina moja: makundi mawili yanagombania kartye, yaani mtaa, mmoja anawauza wenzake, mwingine analipiza. Naipenda hadithi hiyo, na hapa Lubumbashi tuna haki ya kuisimulia kama watu wa Rio de Janeiro walivyoisimulia ya kwao. Shida ni kwamba nikifungua faili nakuta maiti dakika ya kwanza. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Yaya, batu banapendaka kuona bunduki mbiyo," yaani watu wanapenda kuona bunduki haraka.

Wanapenda, ndiyo. Ila kinachomuumiza mtazamaji ni kujua kwamba mkono ulioshika bunduki ulikuwa jana kwenye sahani moja na marehemu. Usipompa nafasi ya kuwaona hao wawili wakiwa marafiki, usaliti unamfikia kama habari ya redioni: amesikia, amesikitika kidogo, ameendelea na mambo yake.

Tazama Cidade de Deus, filamu ya Brazil ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Fernando Meirelles pamoja na Kátia Lund, kutoka riwaya ya Paulo Lins. Wengi wanaikumbuka kwa risasi zake. Mimi nawaomba wamtazame Bené. Yeye na Zé Pequeno wamekua pamoja tangu utotoni. Zé ni muuaji. Bené anauza dawa za kulevya vilevile, lakini anacheka na watu, anapenda nguo nzuri, na ndiye peke yake anayeweza kumshika Zé mkono na kumwambia aache. Kundi la Cenoura, mpinzani wa Zé, linaendelea kuwepo kwa sababu Bené hataki vita. Filamu inachukua muda mrefu kutuonyesha hayo, bila haraka, hadi sisi wenyewe tunaanza kumtegemea Bené.

Kisha inakuja sherehe yake ya kuaga, kwa sababu ameamua kuondoka na mpenzi wake Angélica waishi mbali na mambo ya bunduki. Muziki unapiga, taa za disko zinawaka na kuzima, na Zé anagombana na rafiki yake kwa ajili ya kamera ambayo Bené alitaka kumpa Buscapé, kijana anayetusimulia filamu. Hawa watu wawili wanapendana, na dakika zao za mwisho pamoja wanazitumia kuvutana kamera. Ndipo Neguinho anaingia akimlenga Zé, na risasi inampata Bené. Katikati ya mwanga ule unaokatikakatika, macho yetu yanachelewa kuelewa, sawa na macho ya Zé. Montaji ya filamu hiyo ni ya Daniel Rezende, ambaye aliteuliwa kwa tuzo ya Oscar, na kwangu mimi kipande hicho peke yake kingetosha kumpa heshima hiyo. Vita yote inayofuata inatoka hapo: aliyekuwa anamzuia Zé amekufa.

Angalia pia Mané Galinha, aliyechezwa na Seu Jorge. Ni kondakta wa basi, mtu mtulivu. Zé anambaka mpenzi wa Galinha na kumuulia Galinha ndugu yake, naye Galinha anaingia kundi la Cenoura akiwa na sharti moja: wasio na hatia wasiuawe. Sharti hilo linavunjika wakati wa uporaji wa benki, mlinzi anapokufa kwa risasi ya Galinha mwenyewe. Mlinzi alikuwa na mtoto. Mtoto huyo, Otto, anajiunga na kundi la Galinha, anapigana upande wake, na mwishoni anampiga risasi. Ni msaliti? Ndani ya kundi, ndiyo. Nyumbani kwao ni mtoto aliyemlipizia baba. Mwandishi wa senario, yaani hadithi ya filamu, akifika hapo, mtu mmoja akawa msaliti na mlipiza kisasi kwa tendo moja, hahitaji tena maneno ya kutueleza nani mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu wanaliruka: makundi yanagombania nini hasa? Mara nyingi naona sanduku la dola ambalo hatujui limetoka wapi. Djo Tunda Wa Munga, katika Viva Riva! ya mwaka 2010, alichagua mafuta ya gari. Kinshasa imekauka, Riva amerudi na mafuta aliyomwibia bosi wake wa Angola, na kila siku anayosubiri bei inapanda. Kila Mkongomani aliyewahi kupanga foleni na kidumu mkononi anaelewa mara moja kwa nini mtu angeuawa kwa ajili ya mzigo ule. Sisi huku tuna lori la shaba linalosubiri kuvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, tuna magunia ya kobalti, tuna nyaya zinazoibwa usiku na mtaa mzima ukabaki gizani. Mtazamaji wa Ruashi, mtaa mwingine wa hapa kwetu, anajua thamani ya vitu hivyo bila kuelezwa. Mpe hivyo, achana na sanduku.

Kijana mmoja aliniletea filamu fupi ya namna hiyo: marafiki wawili wanaiba nyaya, mmoja anamtaja mwenzake kwa kundi la pili. Katika picha alizokuwa ameweka pembeni, akisema hazina maana, nilikuta hao wawili wakila bukari (ugali) na samaki kwenye sahani moja. Yule atakayesaliti anavunja kichwa cha samaki, anakitazama, kisha anakisukuma upande wa mwenzake bila kusema neno. Kijana hakumwagiza, mwigizaji alifanya tu, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya kwa rafiki.

Tulikirudisha kipande hicho chote, tukakiweka kabla ya simu ya usaliti. Halafu kwenye simu yenyewe tukauacha uso wa msaliti ubaki kwenye skrini baada ya kukata, muda mrefu kuliko kijana alivyotaka, hadi mtazamaji aanze kutamani apige tena kuomba msamaha. Hapigi. Kuanzia hapo sisi tunajua na rafiki yake hajui, na kila anapocheka unatamani kumwonya. Mapigano ya mwisho, ambayo alikuwa ameyapiga kwa siku nzima, tulipunguza zaidi ya nusu, naye hakulalamika.