Brunei haiko Uarabuni

Kwa kuwa kwetu neno sultani hukumbusha Omani na Zanzibar, wengi wamezoea kuihesabu Brunei, inayotawaliwa na sultani, miongoni mwa nchi za jangwa la Uarabuni. Sivyo. Nchi hiyo iko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Borneo, ina ukubwa wa kilomita za mraba 5,765, na sehemu kubwa yake ni msitu wa mvua. Waislamu wake wengi ni Wamalay, si Waarabu. Eneo la Limbang, ambalo ni la Malaysia, linaikata vipande viwili, vilivyounganishwa kwa daraja mwaka 2020. Mafuta, yaliyogunduliwa Seria mwaka 1929, pamoja na gesi, ndiyo yanayoiendesha serikali, ingawa katika kijiji cha Kampong Ayer, kwenye mji mkuu Bandar Seri Begawan, watu bado wanaishi katika nyumba za nguzo juu ya mto, na mashua ndiyo teksi yao.