Je, wajua? Kwa nini fomu ya mtihani wa Exetat nchini Kongo ina mistari mitatu ya jina

Jumapili moja jioni mpwa wangu alikuja nyumbani Kadutu, hapa Bukavu, na karatasi mbili ndani ya mfuko wa plastiki: moja nakala ya kujizoeza, nyingine fomu yenyewe. Yuko mwaka wa nne wa humanités, yaani sekondari ya juu, ule ambao sisi tuliuita wa sita, na shule yake imewaambia wanaotaka kufanya Exetat waandike utambulisho wao kwa herufi kubwa, herufi moja kila kisanduku, bila kufutafuta. Akaketi mezani, akavuta taa karibu, akaandika option yake, yaani mchepuo wa masomo, kisha akabaki na kalamu hewani.

"Mujomba, jina yangu inaanza na C ao na CH?"

Nikamwambia atazame bilten, ripoti zake za shule. Kumbe alikwisha kuzitazama. Ya mwaka wa saba inasema CIBALONZA. Ya mwaka wa kwanza wa humanités inasema CHIBALONZA. Na karatasi ya kuzaliwa, ambayo mama yake anaificha ndani ya Biblia, inasema TSHIBALONZA. Na hapo alikuwa bado kwenye mstari wa kwanza, ulioandikwa Nom. Chini yake uko wa pili, Postnom, halafu wa tatu, Prénom, yaani jina la ubatizo au la kizungu.

Kwa asiyeijua Kongo: Exetat ni mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Ulianzishwa mwaka 1967. Ukipata asilimia 50 unapewa diploma ya serikali, na bila diploma hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki, uwe unataka kusoma hapa Bukavu, Goma au Lubumbashi. Kwa hiyo fomu ile si karatasi ya kuchezea. Chochote utakachoandika ndicho kitakachochapwa kwenye diploma, na diploma inatoka Kinshasa. Ramani yenyewe itakuambia Kinshasa iko wapi na Bukavu iko wapi.

Turudi kwenye mistari mitatu. Mtanzania au Mkenya akiiona fomu yetu huwa anasimama kwenye mstari wa pili. Yeye amezoea jina la kwanza, la kati na la ukoo. Postnom ni mnyama gani? Cha kuchekesha ni kwamba neno ni la Kifaransa, lakini Mfaransa naye akiletewa fomu hii atauliza swali lile lile. Kwao karatasi zina nom na prénom, basi. Postnom tumeizaa sisi wenyewe, na tarehe ya kuzaliwa kwake inajulikana karibu kabisa.

Oktoba 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1972, zamu ikawa ya watu. Ilikuwa siasa ya "authenticité", kurudi kwenye asili: majina ya kizungu na ya ubatizo yaondoke, kila raia achukue jina kutoka kwa mababu zake. Mwenyewe alitangulia. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Léon Lubicz, mwanasheria ambaye baba yake alikuwa Mpolandi, akawa Kengo wa Dondo, na kwa jina hilo akaja kuwa waziri mkuu. Mapadri walitishiwa kifungo cha miaka 5 wakibatiza mtoto kwa jina la kizungu. Kadinali Malula wa Kinshasa alipinga. Akanyang'anywa nyumba yake na kwenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa.

Hiyo ndiyo habari inayojulikana. Lakini kwenye madaftari ya shule na ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kulikuwa na shida ndogo ambayo wanasiasa huwa hawaifikirii. Jean Bahati na Pierre Bahati wakiondolewa Jean na Pierre, wanabaki Bahati na Bahati. Utawatofautishaje? Kwa hiyo kila mtu akaongeza jina jingine la nyumbani, la babu, la shangazi, la ukoo, la tukio lililotokea siku aliyozaliwa, na likakaa baada ya lile la kwanza. Jina la baada ya jina: post-nom. Mwaka 1973 ikatoka sheria ya majina, na mwaka 1987 kanuni ya familia ikarudia kwamba majina ya raia yachotwe katika utamaduni wa nchi.

Mama yangu alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule. Anasimulia kwamba asubuhi moja mwalimu aliingia darasani na daftari jipya, akaanza kuita. Akaita jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Wanafunzi walikuwa wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenye jina ajitokeze. Yeye mwenyewe aliitwa mara mbili kwa jina la babu yake bila kuitika, maana tangu chekechea alikuwa Véronique. Mwalimu alipochoka akaanza kuwaonyesha kwa kidole: wewe sasa ni fulani, wewe fulani. Nyumbani na kanisani wakaendelea kumwita Véronique, kwa sauti ya chini.

Halafu ikaja 24 Aprili 1990. Mobutu alitoa hotuba ya kumaliza utawala wa chama kimoja, na masharti ya authenticité yakalegea: tai zikarudi shingoni, na prénom zikarudi kwenye karatasi. Hapo ungedhani postnom ingeondoka, kwa kuwa iliingia kujaza pengo na pengo limezibwa. Haikuondoka. Watoto waliozaliwa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa nayo kwenye karatasi zao zote, na wakawapa watoto wao vilevile. Kwa hiyo tukabaki na vyote vitatu. Kengo wa Dondo siku hizi anaandikwa Léon Kengo wa Dondo: jina la 1972 na jina la utotoni, bega kwa bega.

Nadhani kuna sababu nyingine iliyoifanya postnom idumu, na si ya Mobutu. Kwetu jina halikuwa kamwe mali ya ukoo linaloshuka kutoka kwa baba kama ng'ombe wa urithi. Katika familia nyingi za Kivu, watoto sita wa tumbo moja wana Nom sita tofauti, na hakuna anayeshangaa isipokuwa karani wa ubalozi. Wanande, ambao wamejaa Butembo na Goma, humwita mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Sasa fikiria darasa la Goma lenye wavulana arobaini: Kambale watakuwa wangapi? Bila jina la pili mwalimu hawezi hata kugawa madaftari. Kwa Waluba wa Katanga mapacha wana majina yao, Kyungu na Kabange. Ndiyo maana rais wa zamani anaitwa Joseph Kabila Kabange na dada yake pacha Jaynet Kabila Kyungu. Nom ni ya baba yao. Postnom inakuambia kwamba walizaliwa siku moja. Na daktari wetu wa hospitali ya Panzi, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, kwenye karatasi ni Mukwege Mukengere Denis. Dunia inamjua kwa la kwanza na la tatu.

Mpwa wangu alisikiliza haya yote kwa heshima, kisha akauliza tena: C, CH, ao TSH?

Hapo ndipo penye kazi. Kimashi, lugha ya kwetu hapa Kivu, kiliandikwa na wamisionari, na sauti ile ya mwanzo wa jina lake wao waliiandika kwa "ci". Anayeandika Kiswahili anaisikia "chi". Karani aliyezoea majina ya Kasai na mtindo wa Kifaransa anaandika "tshi", kama katika Tshisekedi. Mdomoni ni sauti moja. Kwenye visanduku ni herufi tisa, kumi, au kumi na moja.

Postnom yake ina mtego mwingine. Anaitwa Murhula, yaani amani. Hiyo "rh" ya Kimashi ndiyo inayowasumbua watu wa mbali, ilhali ina mantiki yake: mara nyingi inasimama pale ambapo Kiswahili kina t. Kwa Kiswahili tunasema tatu, kwa Kimashi ni "sharhu". Kwa Kiswahili tunasema mtima, yaani moyo, kwa Kimashi ni "omurhima". Mtu asiyejua anaiona h kama kosa la kuchapa, anaifuta. Ni h ile ile iliyo katika jina la Vital Kamerhe, mzaliwa wa hapa Bukavu. Basi ukimkuta Murhula mmoja anaitwa Murula kwenye diploma na Murhula kwenye kadi ya mpiga kura, ujue kuna mtu alisahihisha kisichokuwa kosa.

Sheria haina huruma na mambo haya. Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mpangilio wa sehemu za jina na tahajia yake havibadiliki. Ukitaka kubadilisha, hata herufi, unakwenda mahakama ya amani na sababu nzuri mkononi. Jina lenye nguvu ni lile lililotangazwa komine wakati wa kuandikisha mtoto, jambo ambalo mzazi anatakiwa alifanye ndani ya siku 90. Wengi hawalifanyi. Baadaye, mtoto anapofika mwaka wa mwisho, ndipo watu wanakimbilia mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya karatasi ya kuzaliwa, na msongamano unakuwa kama soko la Kadutu siku ya Jumamosi.

Nilisoma na kijana mmoja aliyeandika prénom kwenye mstari wa Nom kwa sababu nyumbani wote walimwita hivyo. Hakuna aliyemsahihisha. Alifaulu vizuri tu. Lakini alipopata nafasi ya kusoma nje, bilten zake zilikuwa za mtu mmoja na diploma ya mtu mwingine, na akatumia mwaka mzima kueleza kwamba hao watu wawili ni yeye. Na fomu za nje zenyewe ni mtihani wa pili: zinauliza jina la kwanza, na huko jina la kwanza ni prénom, wakati kwetu cha kwanza ni Nom. Postnom haina pa kukaa kabisa. Wengine huiunganisha na Nom, wengine huiweka kando ya prénom. Mimi nasema iunganishe na Nom, na ukishachagua usibadilishe tena.

Chini ya majina fomu inauliza asili: mkoa, territoire (kama wilaya), kijiji. Wanafunzi wengi wanakosea hapa kwa kuandika mahali walipozaliwa. Pa kuzaliwa pana mstari wake. Asili ni kwa baba. Mpwa wangu amezaliwa Ibanda, amekulia Bagira, zote mjini Bukavu, na ameandika Walungu, ambako amefika mara mbili, zote za mazishi.

Tuliamua kufuata karatasi iliyo ndani ya Biblia. TSHIBALONZA, na T yake na S yake, hata kama hakuna mtu nyumbani anayeliandika hivyo. Kesho yake mama yake alikwenda kumwona prefe, mkuu wa shule, na nakala ya karatasi ya kuzaliwa, bilten zisahihishwe kabla orodha haijaondoka. Prefe alinung'unika kidogo, lakini akafungua daftari.

Usiku ule, kabla ya kukunja fomu, mtoto alijaza mstari wa mwisho wa jina: ESTHER, visanduku sita, vingine vyote vikabaki vyeupe. Mama yangu alikuwa amekaa kando anachambua maharage. Akaomba aione. Akaishika mbali na macho, kama wanavyofanya wasiokuwa na miwani karibu, akaweka kidole kwenye Prénom.

"Siye hatukukuwaka na hii kasanduku," akasema, akairudisha mezani.